Pumu Hubisha Hodi Mapema: Ninavyozisoma Dalili kwa Mwanangu

Mwanangu ana pumu tangu akiwa mdogo, na sasa yuko darasa la nne. Katika miaka hiyo nimejifunza jambo ambalo natamani kila mzazi mwenye mtoto wa pumu alijue: kubanwa hakuanzi pale kifua kinapopiga filimbi. Mara nyingi huanza siku moja au mbili kabla, kwa vitu vidogo ambavyo asiyejua ataviita mafua, uvivu au deko. Ukiviona mapema, mara nyingi utalimaliza jambo nyumbani kwa dawa alizopangiwa na daktari. Vikikupita, utatafuta bodaboda saa tisa usiku, mtoto yuko mgongoni anahema juu juu.

Daktari wetu alinieleza kwa nini muda huo upo. Njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe kidogo hata siku anazojisikia mzima kabisa. Akipata mafua, au akivuta moshi na vumbi, uvimbe unaongezeka, ute mzito unajaa, na misuli inayozizunguka njia hizo inakaza. Misuli inaweza kukaza ndani ya dakika chache, lakini uvimbe huchukua saa nyingi, hata siku. Muda huo ndio tunaoutumia.

Dalili ninayoiheshimu kuliko zote ni kikohozi cha usiku. Njia za hewa za binadamu yeyote hupungua upana kidogo kuelekea alfajiri, na mwenye pumu ndiye anayeona taabu yake. Kwa mwanangu ni kikohozi kikavu, kinakuja mfululizo kati ya saa nane na saa kumi usiku, halafu asubuhi anaamka anadai uji kama mtu asiye na shida yoyote. Hapo ndipo wazazi wengi tunatulizwa na ule uzima wa asubuhi. Mimi siku hizi nikisikia kikohozi hicho hata usiku mmoja, kesho yake namfuatilia kwa karibu, hata kama anaruka ua.

Dalili yake ya pili ni yake peke yake. Anajikuna kidevu na koo. Mwanzoni nilifikiri ni jasho au mbu, mpaka nilipoanza kuandika kwenye daftari kila alichofanya kabla ya kubanwa, nikaona kidevu kinajirudia. Baadaye nikaambiwa hospitali kwamba kuwashwa kidevu au koo kunajulikana kwa baadhi ya wagonjwa wa pumu. Siku hizi ananiambia mwenyewe, "Mama, kidevu kimeanza," na mimi najua la kufanya. Mtoto wako huenda asiwashwe popote. Huenda akapiga miayo ovyo, akashusha pumzi ndefu mara kwa mara, akawa na hasira bila sababu, au akachoka kabla ya wenzake. Kwa hiyo daftari ni muhimu: andika saa, alichokuwa akifanya, hali ya hewa, na moshi au vumbi lililokuwepo.

Mchezo nao husema mengi. Mtoto anayependa mpira akiamua kuwa golikipa leo, au akikaa pembeni anafunga kamba za viatu kwa muda mrefu, mtazame vizuri. Nilimwomba mwalimu wake wa darasa anijulishe akiona hivyo, na amenisaidia sana. Hata bibi yake kule Njombe, ambako tunakwenda likizo ya Juni wakati wa baridi kali, ameshajua. Zamani alikuwa akisema mjukuu wake ni mvivu wa mjini. Sasa akimwona hataki kwenda kuchota maji na wenzake, ananiita, "Mama nanihii, hebu njoo umsikilize huyu kifua," na anamtoa jikoni kwenye moshi wa kuni kabla sijafika.

Sasa namna ya kumwangalia. Mkalishe ametulia, mvue shati, taa iwe ya kutosha. Tazama kishimo kilicho chini ya koo, pale mifupa ya mitulinga inapokutana, kisha tazama kati ya mbavu. Pumzi ikiwa nyepesi, ngozi ya hapo inatulia. Ikiwa inavutwa ndani kila anapovuta hewa, mtoto anatumia nguvu kupumua, hata kama husikii mlio wowote. Halafu hesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa, tumbo likipanda na kushuka ni moja. Usimwambie kwamba unahesabu, maana atabadilisha. Hesabu pia siku akiwa mzima, ili ujue kawaida yake. Kwa mtoto aliyevuka miaka mitano, zaidi ya 30 kwa dakika akiwa ametulia na hana homa si jambo la kusubiri.

Ukiweza kupata kile kipimo kidogo cha plastiki cha kupuliza, kinachoonyesha nguvu ya pumzi, kitumie. Tafuta namba yake bora akiwa mzima. Tuseme ni 250. Akishuka chini ya 200, yaani asilimia 80, njia zimeanza kubana. Akifika chini ya 125, yaani nusu, hiyo ni dharura. Kipimo hiki huweza kushuka kabla mtoto hajasema lolote.

Angalia vilevile inhela ya kutuliza, ile ambayo kwetu ni ya buluu na imeandikwa salbutamol. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, hata kama hajalazwa mwaka mzima. Salbutamol hulegeza misuli, haiondoi uvimbe. Uvimbe unatibiwa na dawa ya kuvuta ya kila siku, na hiyo ndiyo watu wengi huiacha wakiona nafuu. Inhela nyingi za salbutamol zina mivuto 200, na kuitikisa hakukuambii kama dawa bado ipo, maana gesi huendelea kutoka. Andika tarehe ya kuanza na uhesabu.

Dalili zikianza, mwondoe kwenye moshi, vumbi, udi au dawa ya mbu ya kuwasha. Mkalishe wima, usimlaze. Mpe salbutamol kwa idadi aliyoandikiwa, mvuto mmoja mmoja, kupitia chupa. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha: toboa kitakoni tundu linaloushika mdomo wa inhela bila kuvujisha, mtoto apumue kupitia mdomo wa chupa mara tano hivi kwa kila mvuto. Watafiti wa Afrika Kusini walichapisha mwaka 1999 kwamba kwa watoto waliobanwa chupa ya namna hiyo, iliyobana vizuri, hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Asipopata nafuu, au akibanwa tena kabla ya muda wa saa nne kupita, nenda hospitali, na uendelee kumpa dawa njiani.

Kuna dalili ambazo hazina cha daftari wala kipimo. Hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta hewa. Pua zinatanuka. Midomo kwa ndani, ulimi au kucha vinageuka rangi ya kijivu au bluu. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama hapo, usitegemee uso. Anasinzia au anachanganyikiwa. Na hii ya mwisho inawadanganya wengi: filimbi inanyamaza huku bado anahangaika kupumua. Huko si kupona. Hewa imekuwa kidogo mno hata haiwezi kutoa mlio. Ondoka muda huohuo.

Bado nasikia majirani wakisema inhela humzoesha mtoto, au kwamba ukiona mtu amepewa basi yuko mwishoni. Inaniumiza, kwa sababu watoto wananyimwa dawa kwa maneno hayo. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja kwenye mapafu, kwa kiasi kidogo kuliko kidonge cha dawa hiyohiyo, na mtoto hawi mraibu wake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa hizi hazipatikani vya kutosha au hazitumiwi.

Kama mtoto wako amekuamsha kwa kikohozi kikavu zaidi ya usiku mmoja mwezi huu, mpeleke kliniki wiki hii, angali anacheka na kucheza, na umwombe daktari akuandikie kwenye karatasi dawa gani, mivuto mingapi, na lini uende hospitali. Karatasi hiyo ibandike ukutani, na nakala mpe mwalimu wake.