Kukosa Maskani Si Jinai
Kijitabu cha elimu kwa umma juu ya sheria za uzururaji

Madhumuni

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya raia, askari, watendaji wa mitaa na kila ampitaye usiku mtu aliyelala barazani mwa duka, ili wote wapate kutambua tofauti iliyopo baina ya tendo, ambalo sheria ina haki ya kuliadhibu, na hali, ambayo haimstahilishi mtu adhabu kwa kuwa hakuitenda, bali imemfika.

Asili ya sheria hizi

Mwaka 1824, Uingereza ilipokuwa imejaa askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon na mafukara waliotangatanga wakitafuta riziki, Bunge la huko lilipitisha sheria iliyomhesabu kuwa mkosaji yule alalaye nje au bandani pasipo njia ya maisha awezayo kuieleza. Nayo ikasafiri pamoja na dola hata ikaingia katika kanuni za adhabu za makoloni, na mwangwi wake ungali unasikika katika nchi kadhaa zilizokwisha kujitawala, Tanzania ikiwa miongoni mwao, katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Mashtaka ya uzururaji aghalabu hayamwulizi mtu amefanya nini; humwuliza yeye ni nani, na analala wapi.

Rai za mahakama

Mwaka 2015, huko Malawi, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akienda kwenye biashara yake, akashtakiwa kwa uzururaji. Naye akaipinga sheria yenyewe, hata Mahakama Kuu ya nchi hiyo, Januari 2017, ikaamua kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume cha katiba. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa rai ya ushauri kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika katika mambo ya staha ya insani, usawa na uhuru wa mtu kwenda atakako, na kwamba dola zimewajibika kuzifuta au kuzirekebisha.

Si kila mahakama iliyoona hivyo. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 dhidi ya 3, iliuruhusu mji wa Grants Pass, Oregon, kuwatoza faini walalao bustanini na blanketi zao. Lakini hohehahe asiye na kodi ya chumba ataipata wapi faini? Akishindwa kulipa hufungwa, na atokapo hurejea kibaraza kile kile, ila sasa ana doa la kifungo linalomfungia hata mlango wa kibarua.

Mtu akikamatwa Tanzania

1. Ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwake.
2. Isipowezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, na kosa lenyewe si zito, apewe dhamana.
3. Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria, kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.
4. Asitoe fedha yoyote pasipo stakabadhi.

Kwa jirani na mwenye duka

Kabla ya kuliita karandinga, jiulize: huyu amefanya nini? Ikiwa ameiba, lipo shitaka la wizi. Ikiwa amepiga, lipo la shambulio. Na ikiwa amelala tu, basi anayestahili kuitwa ni ofisa wa ustawi wa jamii.