Mwanafunzi Mgeni Kitale na Bungoma: Vidokezo 12 vya Kuishi Vizuri kwa Pesa Kidogo

Umepata nafasi ya muhula mmoja au mwaka mzima Chuo Kikuu cha Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma, au katika chuo cha ufundi cha kitaifa pale Kitale. Umetoka Mbale, Juba, Goma, Mwanza, au mbali zaidi, Leipzig. Pesa ulizokuja nazo zinaonekana nyingi siku ya kwanza. Wiki ya tatu unaanza kuzihesabu mara mbili.

Usiogope. Huku wageni wa masomo si jambo geni. Familia nyingi za Sudan Kusini zimeishi Kitale miaka na miaka kwa ajili ya shule za watoto, na Waganda huvuka Malaba, Lwakhakha na Suam kama mtu anayekwenda kwa shangazi. Siri ya kuishi hapa kwa bajeti ndogo ni moja: anayejulikana hulipa kidogo kuliko asiyejulikana. Vidokezo hivi vitakusaidia ujulikane mapema.

1. Malizana na karatasi kwanza

Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Lakini kuruhusiwa kuvuka mpaka ni jambo moja, na kuruhusiwa kusoma ni lingine. Unahitaji pasi ya mwanafunzi. Omba barua chuoni, kisha tuma ombi mtandaoni kupitia eCitizen. Kanuni za Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza 2010, zinataka raia wa nchi wanachama wapewe pasi hiyo bila ada, na hilo linawahusu pia Sudan Kusini iliyojiunga 2016 na Congo iliyojiunga 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia atakusaidia kuipata kwa malipo, mshukuru na uende zako. Piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe.

2. Tafuta chumba kwa miguu

Usilipie chumba ulichokiona kwenye picha tu. Wiki ya kwanza kaa hosteli au kwa mwenzako, kisha zunguka mchana ukiuliza wanafunzi wenyewe wapi kuna singo au bedsita. Ukipata, usitazame rangi ya ukuta. Fungua mfereji uone kama maji yanatoka, na uulize hutoka siku zipi. Uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia tokeni na majirani, maana hapo ndipo ugomvi mwingi wa ploti huanzia. Rudi tena jioni uone kama njia ina taa, na ikiwezekana rudi siku ya mvua uone kama njia ipo. Kabla ya kutoa pesa ya amana, andikiana na mwenye nyumba au keateka ni lini na kwa masharti gani utarudishiwa.

Wawili wakichangia chumba hawagawani kodi peke yake. Jiko, mtungi wa gesi, ndoo na sufuria pia hununuliwa mara moja.

3. Gawa pesa siku zinapoingia

Pesa zikiingia, toa kodi papo hapo. Kilichobaki kigawe mafungu manne, fungu moja kwa kila wiki, na wiki isile fungu la mwenzake. Weka pembeni nauli ya kurudi nyumbani tangu mwezi wa kwanza, wala usiiguse.

Sajili laini ya simu kwa pasipoti yako na ufungue M-Pesa, kwa sababu hapa hata muuza nyanya hupokea malipo kwa simu. Zijue ada zake. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini ya hapo hakutozwi chochote. Kutoa 200 kwa wakala hutozwa sawasawa na kutoa 2,000, kwa hiyo anayetoa kidogo kidogo kila siku anamlisha wakala. Fuliza, ule mkopo wa papo hapo kwenye simu, iache kwa dharura ya kweli. Ukiizoea, pesa za mwezi ujao zitakuwa na mwenyewe kabla hazijafika.

4. Salamu kabla ya bei

Bungoma, na kwa sehemu kubwa Kitale pia, salamu ni "mulembe," na jibu ni "mulembe" vilevile. Kwa majirani Wakalenjin wa Kitale, sema "chamgei." Mwanamke wa makamo ni mama. Bibi kizee wa Kibukusu ni kukhu, na mzee ni kuka. Mgeni anayeanza na "hii ni pesa ngapi?" huuziwa bidhaa. Anayeanza na salamu, akauliza watoto wameamkaje, huuziwa na kuongezwa.

Chagua mama mboga mmoja na umshikilie. Ukinunua kwake kila mara, siku ambayo huna kitu atakukatia sukuma na kukuambia utalipa Ijumaa. Na Ijumaa ikifika, lipa.

5. Ijue gorogoro

Mahindi na maharagwe sokoni hayapimwi kwa mizani. Hupimwa kwa gorogoro, mkebe wa bati wa takriban kilo mbili. Simama karibu utazame. Kwanza angalia kitako cha mkebe, kwani kuna mikebe iliyogongwa chini ikabonyea kwa ndani, na kila shimo la namna hiyo ni konzi ya maharagwe usiyopata. Kisha tazama mkono. Muuzaji mzuri humwaga mpaka nafaka ipande juu kama kichuguu na kuanza kuteremka pembeni. Hapo ndipo unaposema kwa upole, "Mama, niongeze kidogo, mimi ni mwanafunzi." Konzi moja ya nyongeza ni kawaida, wala si aibu kuiomba.

Mahindi yaume kabla ya kuyanunua. Punje iliyokauka vizuri hupasuka kwa mlio. Ikibonyea chini ya jino, bado ina maji, nayo mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Bei iwe rahisi vipi, yaache hapo hapo.

Masoko makubwa, kama lile la Chwele katika kaunti ya Bungoma, yana siku zake za soko. Wakulima hujaa na bei hulegea, hasa jioni wasipotaka kurudi na mzigo. Changeni wanafunzi watatu au wanne, mnunue debe zima, kisha mgawane nyumbani.

6. Fuata msimu, na usage mwenyewe

Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzia Kitale mwaka 1956. Ukiishi katikati ya ghala halafu unanunua unga wa pakiti kila wiki, unalipia kiwanda, karatasi na lori. Nunua mahindi makavu, yapeleke poshomili, usagiwe unga wako. Omba wachanganye na wimbi kidogo kama unapenda ugali mweusi wa Wabukusu. Ni mzito, na ukiula mchana huitafuti njaa mpaka usiku.

Bei hushuka kuanzia Oktoba mashamba yanapovunwa, na hupanda katikati ya mwaka maghala yanapokauka. Mwenye gunia la Novemba hulala vizuri mwezi wa Mei, mradi gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu. Julai na Agosti ni msimu wa mahindi mabichi: ya kuchoma barabarani, ya kuchemsha nyumbani.

7. Chungu kimoja, siku mbili

Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, yachemshe kwenye jiko la makaa hadi yaive, na uyagawe: leo yawe madondo ya kula na chapati, kesho yachanganye na mahindi yawe githeri. Kwa kuwa huna friji, yachemshe vizuri asubuhi na jioni, na uyafunike. Gesi ya meko itunzie chai na mayai, kwa sababu maharagwe huimaliza haraka.

Mboga za huku ni chakula kamili, tena bei yake ni ndogo: kunde, saga, mitoo, managu na mrenda unaoteleza. Ukishindwa na uchungu wa managu, yamwagie maziwa yachemke taratibu. Omena za kukaanga na nyanya zitakupa protini ambayo nyama ingekugharimu mara kadhaa.

Ukilazimika kula nje, kula kibandani mahali wanapokula mafundi na waendesha boda. Palipojaa saa saba mchana, chakula ni kipya na sahani ni ya kushibisha.

8. Kitale ina baridi, Bungoma ina mbu

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo wa Mlima Elgon huingia mpaka ndani ya blanketi. Usinunue jaketi jipya. Nenda kwenye mitumba siku marobota yanapofunguliwa, na ufike asubuhi. Sweta nzito, gambuti na mwavuli ndivyo vitu vitatu vya kwanza, maana mvua huanza Machi na kuendelea kwa miezi mingi, aghalabu alasiri.

Bungoma ni ya chini zaidi na yenye joto, na ni miongoni mwa kaunti za magharibi ambako malaria ipo mwaka mzima. Neti ni ya lazima. Homa ikikushika, kapimwe siku hiyohiyo kabla ya kumeza dawa yoyote, na uanzie zahanati ya chuo. Chemsha maji ya kunywa. Siku moja ya ugonjwa hula pesa kuliko neti na makaa ya mwezi mzima.

9. Nauli huafikiwa kabla ya kupanda

Kabla hujakalia boda, taja unakokwenda na mkubaliane bei. Bei hupanda mvua ikinyesha na giza likiingia, kwa hiyo maliza shughuli za mjini mapema. Tafuta mwendeshaji mmoja wa steji ya karibu, mwenye kofia ya abiria, uchukue namba yake. Huyo ndiye utakayempigia saa nne usiku.

Matatu za Bungoma kwenda Kitale kupitia Chwele, Kimilili na Kiminini hukuonyesha nusu ya eneo hili kwa nauli moja. Jihadhari na Desemba. Wiki za kabla ya Krismasi magari yanayokuja magharibi kutoka Nairobi hupandisha bei, na mapema Januari yanayorudi Nairobi hufanya vivyo hivyo. Ukisafiri kinyume na mkondo huo, nauli huwa nafuu.

10. Agosti ya mwaka shufwa, tembea kwa heshima

Wabukusu huwatahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti. Utawasikia kabla ya kuwaona: kijana anagonga njuga za chinyimba, na umati unaimba nyuma yake ukijaza barabara. Simama pembeni uwapishe. Usipige picha bila ruhusa, na ukitaka kuhudhuria, nenda na mwenyeji aliyealikwa. Aliyetoka Mbale atajihisi nyumbani, kwani Wamasaba wa ng'ambo ya mlima ni ndugu wa Wabukusu na wana tohara yao, imbalu. Msimu huu umebeba heshima ya ukoo mzima, na mgeni anayeuheshimu hukaribishwa mezani.

11. Furaha ipo, nayo haina bei kubwa

Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, yalikua kutokana na mkusanyiko wa Mwingereza Hugh Stoneham. Ndani yake kuna nyumba za kiasili za jamii za eneo hili, na nyuma kuna njia ya msituni ambako unaweza kusoma kitabu mchana kutwa. Kaskazini mwa mji kuna Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya. Huzungukwa kwa miguu, na ukitulia kwenye jukwaa la mti alfajiri utamwona swala aitwaye nzohe akitembea ndani ya kinamasi. Upande wa Bungoma, Mto Nzoia humwagika kwenye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye. Nendeni kikundi, mbebe chakula chenu, na kila mtu awe na kitambulisho, kwani viingilio hutofautiana kwa uraia.

12. Toa na wewe

Ukialikwa kwa mtu, usiende mikono mitupu. Sukari na majani chai vinatosha na vinaeleweka. Ukiwa unaishi na familia, amka uteke maji, osha vyombo, msaidie mtoto hesabu. Wapikie majirani chakula cha kwenu angalau mara moja: matoke ya Uganda, pilau ya Mwanza, sombe ya Congo. Mwenzako akiuguliwa au kufiwa, changa hata kama ni shilingi 50.

Haya yote hayako kwenye bajeti ya chuo, lakini ndiyo yanayoishikilia. Jirani uliyempikia ndiye atakayekukopesha mkaa mvua ikikukuta huna, na ndiye atakayejua kwamba hujafungua mlango siku mbili. Anza leo: toka nje, msalimie mtu wa mlango wa pili, umwambie jina lako na ulikotoka.