Chuo Kikitafuta Kocha wa Kikapu: Aliyewahi Kuwa Mkuu, au Msaidizi Anayeijua Nyumba?

Mwalimu aliyenipokea Buigiri ni mstaafu wa somo la michezo. Amefundisha mpira wa kikapu shuleni na vyuoni kwa miaka mingi, na hadi leo huamka saa tisa usiku kutazama vyuo vya Marekani kwenye simu. Jina lake aliomba tuliache. Tulikaa chini ya mwarobaini, upepo wa Chamwino ukitutia vumbi kwenye vikombe vya chai.

Shikamoo, Mwalimu. Aliyewahi kuwa kocha mkuu ana nini ambacho msaidizi hana?

Marahaba, mwanangu. Mbukwa, karibu Buigiri. Ana makovu. Msaidizi hunong'ona: "Mtoe huyu, amechoka." Akitolewa mkashinda, msaidizi kaona mbali. Asipotolewa mkafungwa, msaidizi ana la kusema kwenye basi. Sasa keti wewe kwenye kile kiti. Zimebaki sekunde 20, mmepitwa pointi moja, mchezaji wako bora ana faulo nne, na benchi zima linakutazama usoni. Tena hiyo ni sehemu ndogo ya kazi. Mkuu ndiye anayekwenda kwa mshauri wa wanafunzi kuomba usafiri, ndiye anayemweleza mzazi kwa nini mwanawe hachezi, na ndiye anayemwacha nyumbani kijana mwenye kipaji kwa sababu hahudhurii vipindi. Mambo hayo huwezi kuyajifunza kwa kumtazama mwenzako akiyafanya.

Kwa hiyo asiyewahi kuwa mkuu asipewe timu?

Hapana, sijasema hivyo. Tuchukue chuo ambacho sisi Watanzania tuna haki ya kukijadili: Connecticut, alikocheza Hasheem Thabeet wetu. Alitoka Dar es Salaam, akacheza pale kuanzia 2006 hadi 2009 chini ya Jim Calhoun, wakafika nusu fainali ya taifa, na mwaka huohuo Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa NBA. Calhoun mwenyewe alipofika Connecticut mwaka 1986 alikuwa ameshakuwa kocha mkuu Northeastern kwa miaka 14. Akaleta vikombe vitatu: 1999, 2004 na 2011.

Septemba 2012 akastaafu. Timu akakabidhiwa msaidizi wake, Kevin Ollie, mtoto wa nyumbani aliyewahi kuichezea Connecticut na kudumu miaka mingi NBA. Ukocha mkuu hakuwahi kuufanya popote. Chuo hakikuwa na pupa: kwanza kilimpa mkataba wa miezi michache, hadi Aprili 2013, kisha Desemba 2012, kabla haujaisha, kikampa mrefu. Msimu wa kwanza timu ilikuwa imefungiwa mashindano ya mwisho wa msimu kwa sababu ya matokeo mabaya ya masomo. Wa pili, 2014, Ollie akatwaa ubingwa kwa kuwafunga Kentucky 60 kwa 54.

Si ndiyo ushahidi, basi? Uzoefu si lazima.

Wengi walisema hivyohivyo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini uliza wachezaji walikuwa wa nani. Shabazz Napier, injini ya timu ile, aliletwa na Calhoun na alikuwemo kwenye ubingwa wa 2011. Ollie alirithi nyumba yenye paa, milango na chakula jikoni. Simdharau hata kidogo, kwani wapo wanaorithi nyumba kama hiyo wakaiunguza mwaka wa kwanza. Ila mtihani wa msaidizi aliyepandishwa huja pale wachezaji aliowakuta wanapokwisha na wanabaki aliowasaka mwenyewe. Msimu wa 2016/17 Connecticut walishinda 16 wakafungwa 17. Uliofuata wakashinda 14, wakafungwa 18. Machi 2018 akaondolewa.

Na aliyefuata?

Dan Hurley, na hapo ndipo penye utamu. Huyu ukocha mkuu aliuanzia sekondari huko Newark. Mwaka 2010 akachukua Wagner, chuo kidogo kilichokuwa kimetoka kushinda michezo mitano tu msimu mzima. Mwaka wake wa kwanza alishinda 13, wa pili 25. Akaenda Rhode Island. Msimu wa kwanza alishinda nane, akafungwa 21! Akajenga tena. Alipofika Connecticut, unajua alianzaje? 16 kwa 17.

Uzoefu haukumsaidia, basi.

Haukumsaidia kushinda mwaka huo. Ulimsaidia kutoogopa. Alikuwa ameshapita kwenye njaa hiyo mara mbili, na anajua mvua hunyesha lini. Mwaka 2023 akachukua ubingwa, 2024 akaurudia. Wewe ni wa Dodoma, huhitaji kuelezwa habari za mkulima aliyeona ukame mara mbili.

Je, jina kubwa la uchezaji linatosha?

Patrick Ewing alipewa Georgetown mwaka 2017, chuo alichokitukuza kama mchezaji. Alikuwa msaidizi NBA kwa miaka mingi, mkuu hajawahi. Mwaka 2021 alishinda mashindano ya ligi yao, nikampigia makofi peke yangu usiku ule. Msimu uliofuata akafungwa michezo yote 19 ya ligi. Mwaka 2023 wakaachana.

Na kocha mwenye rekodi mbaya?

Mike Krzyzewski, msimu wake wa mwisho pale chuo cha jeshi, alishinda tisa na kufungwa 17. Duke wakamchukua hivyohivyo, mwaka 1980. Ukijumlisha misimu mitatu ya mwanzo, alifungwa zaidi ya alivyoshinda, na wakamvumilia. Hatimaye akawaletea vikombe vitano.

Turudi kwetu. Vyuo vyetu vifanyeje?

Vyuo vyetu vingi haviajiri kocha wa kikapu kwa kazi hiyo tu. Timu anapewa mtumishi anayependa mchezo, au kijana aliyemaliza juzi. Halafu unakuta "msaidizi" ndiye anayeshika funguo za stoo, anajaza fomu za mashindano na anajaza upepo mipira, na mkuu huonekana siku ya fainali. Huyo msaidizi kwangu ni mkuu tayari. Usisome cheo kwenye barua yake.

Kwanza tazameni nyumba yenu. Kama timu inashinda na wachezaji wanabaki, mpeni msaidizi anayewajua, kwa mkataba mfupi kama ule wa Ollie. Kama mnaanzia kwenye udongo mtupu, tafuteni aliyewahi kuwa mkuu mahali padogo, hata kama ni timu ya sekondari iliyoishia UMISSETA ngazi ya wilaya.

Swali moja la kumuuliza kwenye usaili?

Msimuulize vikombe. Muulizeni: "Msimu uliofungwa mara nyingi zaidi, mwezi wa pili ulibadilisha nini?" Akianza na waamuzi, mshukuruni kwa kuja. Akitaja zoezi aliloliacha, mchezaji aliyemhamisha nafasi, saa ya mazoezi aliyoisogeza ili vijana wawahi kula, mwongezeeni chai.