Pima macho kabla ya kununua skrini

Wagonjwa wanaolalamika kwamba kompyuta inawaumiza macho wamekuwa wengi. Karani wa ofisini husema ifikapo saa tisa alasiri herufi huanza kufifia na kichwa kumgonga. Kijana anayecheza michezo ya kompyuta hadi usiku wa manane huja na macho mekundu, yanayowasha kana kwamba yameingia mchanga. Aghalabu swali lao huwa moja: "Daktari, ninunue skrini ya aina gani?"

Swali hili lina maana, kwa sababu skrini mbaya huweza kumchosha mtu. Hata hivyo, skrini inayofaa si lazima iwe ile ya bei ghali, wala ile iliyobandikwa karatasi ya kusema kuwa inalinda macho. Mambo ya kuangalia ni machache, na mengi unaweza kuyapima dukani kabla ya kutoa pesa.

KWA NINI MACHO HUCHOKA

Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Kila anapopepesa, kope hueneza machozi juu ya jicho na kulilowesha. Anapokodolea skrini macho, hupepesa chini ya nusu ya hapo. Jicho hukauka, huwasha na huwa jekundu.

Pili, ndani ya jicho mna misuli inayojikaza ili tuone kitu kilicho karibu. Kuikaza kwa saa nane bila kupumzika ni sawa na kushika kikombe cha chai mkono ukiwa umenyooshwa. Kikombe si kizito, lakini hatimaye mkono utatetemeka.

Tatu, skrini iliyo juu mno au chini mno hufanya shingo na mabega kukaza, na maumivu hayo hupanda hadi kichwani.

UKUBWA NA UANGAVU WA HERUFI

Wanunuzi wengi huuliza inchi peke yake. Ni muhimu pia kuuliza idadi ya nukta zinazounda picha. Skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 92 hivi katika kila inchi. Ukichukua ya inchi 27 yenye nukta hizo hizo, zinabaki 82, na ya inchi 32 ina 69 tu. Picha ni kubwa, lakini kingo za herufi hazionekani sawasawa, na jicho hujitahidi bure.

Kwa hivyo, mtu wa kazi za ofisi anaweza kuridhika na skrini ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080. Anayetaka ya inchi 27 ni vyema atafute yenye nukta 2560 kwa 1440, ambayo ina nukta 109 hivi kwa inchi. Iwapo herufi ni ndogo, zikuze kwenye kompyuta badala ya kusogeza uso karibu.

Pima pia meza yako. Skrini inafaa kuwa umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo. Chagua yenye mguu unaopanda na kushuka. Ikiwa mguu haupandi, vitabu vizito vitafanya kazi hiyo.

KASI YA PICHA

Skrini za zamani zenye kioo kinene zilichora picha upya mara kwa mara, na zikiwekwa kwenye 60 Hz watu wengi waliona picha ikimetameta na kuumwa na kichwa. Skrini bapa za leo hazizimiki kati ya picha moja na nyingine. Kwa barua, hesabu na kusoma, 60 Hz inatosha.

Kwa mchezaji hali ni tofauti kidogo. Skrini ya 144 Hz hubadilisha picha kila baada ya sehemu 7 hivi za elfu za sekunde, ilhali ya 60 Hz huchukua sehemu 17 hivi. Mwendo huonekana laini na ni rahisi kufuata shabaha. Hiyo ni faida ya mchezo, si tiba ya macho, na haipatikani iwapo kompyuta yenyewe haina nguvu ya kutoa picha nyingi kiasi hicho.

Kuna skrini bapa ambazo hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima kwa haraka sana, na baadhi ya watu, hususan wenye kipandauso, husumbuliwa na jambo hilo. Dukani, punguza mwanga wa skrini kisha uitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi ikipita, jaribu nyingine. Kipimo hiki si kamili, lakini kinasaidia.

MNG'AO NA MWANGA WA BULUU

Skrini inayong'aa kama kioo hurudisha mwanga wa dirisha na taa machoni mwako. Chagua yenye uso usiong'aa, na uiweke dirisha likiwa ubavuni, si mbele wala nyuma yako. Kisha weka karatasi nyeupe kando yake. Ikiwa skrini inawaka kama taa kuliko karatasi, punguza mwanga.

Kuhusu mwanga wa buluu, usitumie pesa nyingi. Uchunguzi wa Cochrane uliotolewa mwaka 2023, uliokusanya matokeo ya majaribio 17, ulionyesha kwamba miwani ya kuzuia mwanga huo huenda haipunguzi uchovu wa macho kwa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Kinachodhuru zaidi ni kukosa usingizi kwa kucheza hadi alfajiri.

TAHADHARI KWA WENYE KIFAFA

Mnamo Desemba 16, 1997 nchini Japani, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomulika kwa haraka. Baadhi yao walipatwa na kifafa. Kati ya watu 100 wenye kifafa, watatu hivi huathiriwa na mwanga wa namna hiyo.

Skrini kubwa iliyo karibu na uso huongeza hatari. Kijana wa aina hii akae mbali, chumba kiwe na taa, asicheze akiwa na usingizi, na asiache kumeza dawa zake. Akihisi mwili kushtuka, afunike jicho moja kwa kiganja, ageuze uso na aache mchezo.

MACHO KWANZA

Jambo ambalo wengi husahau ni kwamba skrini mpya haiwezi kurekebisha jicho lisiloona vizuri. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na kusoma karibu huwa shida. Miwani ya kusomea kitabu hutengenezwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, na kompyuta iko mbali zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu huinua kidevu na kuinama mbele ili aone, kisha shingo humuuma. Pima umbali wa skrini yako na umweleze mpimaji wa macho.

Mtoto anayesogelea skrini au kukunja macho huenda haoni mbali. Apimwe, na kila siku acheze nje saa mbili hivi, kwani mwanga wa mchana hupunguza uwezekano wa kupata tatizo hilo.

Kichwa kinachouma kila siku kinahitaji kupimwa presha ya damu pia. Na iwapo jicho linapoteza uwezo wa kuona ghafla, linaona vimulimuli au vitu viwiwili, au ni jekundu na lina maumivu makali, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Hilo si tatizo la skrini.

Baada ya yote hayo, hata aliye na skrini nzuri kabisa anahitaji kupumzika. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita sita kwa sekunde 20, na upepese macho. Hilo halina gharama yoyote.