GPS ya mkononi au ya garini? Kwa anayekwenda Dima wa Tayyin

Jamaa wanaonunua gari Muscat huniuliza swali hilihili: waongeze pesa wapate gari lenye ramani yake kwenye dashibodi, au pesa hizo wanunulie GPS ndogo ya mkononi? Mimi huwauliza kwanza gari litakuwa likienda wapi. Mtu anayeishi Seeb, na safari zake ni Ibra, Sur na Nizwa kwa lami tupu, skrini ya garini inamtosha na ataifurahia. Lakini anayepanda kuja huku Dima wa Tayyin, kwenye mabonde ya milima ya Hajar ya Mashariki, namwambia anunue ya mkononi kwanza. Ya garini, akiipata, iwe nyongeza.

Ile ya garini ina sifa zake na sitaki kuidhulumu. Haichajiwi, skrini yake ni kubwa, na inazungumza ili macho yako yabaki barabarani. Kubwa zaidi, zile nzuri hazitegemei setilaiti peke yake. Zinahesabu pia mzunguko wa magurudumu na kupima gari linavyogeuka, kwa hiyo hata mawasiliano ya angani yakikatika zinaendelea kukisia ulipo. Utaliona hilo kwenye mahandaki ya Wadi Al-Aqq, katika barabara ya Bidbid kwenda Sur: simu inaweza kupotea au kukwama mlangoni mwa handaki, lakini mshale wa garini unakwenda nawe mpaka unatokea upande wa pili.

Shida yake ni ramani. Ramani hiyo imo ndani ya gari, na kuifanya mpya ni mpaka kampuni itake na wewe ulipe. Barabara pana ya Sharqiyah, mkoa wetu, ilifunguliwa kipande kwa kipande, na gari lenye ramani ya zamani hukuonyesha unaelea jangwani, mbali na barabara yoyote. Wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: gari lililotumika linakuja kutoka Japani, ramani yake ni ya Japani na maandishi ni ya Kijapani. Huku kwetu yapo magari yaliyotoka Marekani yakapitia Imarati, na ramani zake ni za miji ya huko. Usikubali neno la muuzaji kwamba "ina navigesheni". Mwambie awashe gari palepale, uandike Mahlah ya huku kwetu, kisha uandike kijiji kidogo unachokijua ndani ya wadi, yaani bonde lipitalo maji ya mvua. Kisipotokea, jaribu tena kwa herufi za Kiarabu, maana majina yetu kwa herufi za Kilatini kila mtu anayaandika anavyosikia. Tena yapo majina yanayojirudia. Ghubra na Hail zimejaa Oman nzima, na mashine itakupeleka kwa ile iliyoiona kwanza.

Kwa sababu hiyo kijiji cha ndani hakitafutwi kwa jina, hutafutwa kwa namba zake za latitudo na longitudo. Ikiwa skrini ya gari hairuhusu kuingiza namba hizo, au imezificha mbali kwenye menyu, kwangu mimi imepungukiwa sana. Na hapa ningependa msomaji asimame kidogo, kwa sababu hatari kubwa imo katika namna namba zinavyoandikwa. Namba 23.05 maana yake ni digrii 23 na sehemu tano za mia, ambazo ni sawa na dakika 3. Ukiipokea kwa simu kutoka kwa mtu, ukaiingiza kama digrii 23 na dakika 5, umekosea dakika mbili. Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo umekwenda pembeni kilomita 3.7. Kwenye tambarare ungeona nyumba kwa mbali ukageuza. Kwenye milima yetu kilomita 3.7 ni bonde jingine kabisa, na njia ya kulifikia huenda inaanzia upande wa pili wa mlima. Muulize anayekupa namba: ni desimali au ni dakika? Kisha weka kifaa chako katika mtindo huohuo kabla ya kuandika chochote.

Sasa ya mkononi. Ubora wake wa kwanza ni kwamba inashuka nawe garini. Njia nyingi nzuri za huku zinaishia pale magurudumu yanaposimama. Wadi Dayqah, ambayo maji yake yanakata milima mpaka kwenye bwawa lenye ukuta wa mita 75 upande wa Qurayyat, hupitwa kwa miguu, na skrini ya dashibodi inabaki juani na gari. Kifaa cha mkononi kinaandika nyayo zako njia nzima, nawe ukitaka kurudi unaufuata mstari uleule. Chagua chenye vitufe vya kubonyeza, kwa sababu kioo cha kugusa kinasumbua vidole vikiwa na maji. Chagua pia kinachotumia betri za AA, ambazo utazipata hata kwenye duka dogo la kijijini. Ramani za OpenStreetMap unaweza kukiwekea bila malipo, na ndani yake zimo njia nyingi za vumbi zilizochorwa na watu waliozipita wenyewe.

Nacho kina mipaka. Kifaa kinahitaji kusikia setilaiti nne ili kujua mahali ulipo sawasawa, na ndani ya korongo unaona ukanda mwembamba tu wa mbingu. Mawimbi mengine hugonga ukuta wa jabali kwanza ndipo yakufikie, na kifaa kikadhani umesimama juu ya mlima. Nunua kinachosikiliza GPS pamoja na mifumo mingine ya setilaiti kama GLONASS au Galileo, maana kadiri setilaiti zinavyokuwa nyingi angani ndivyo unavyopata za kukutosha. Na kabla ya kuingia korongoni, weka alama ya gari ukiwa bado mahali peupe.

Simu? Ichukue, yenye ramani uliyoipakua nyumbani, na uhakikishe ramani hiyo haijaisha muda wake. Lakini isiwe tegemeo lako la pekee mwezi wa Juni. Nyuma ya kioo cha mbele jua linaipasha mpaka inajizima, na mtandao ndani ya mabonde ni wa kubahatisha.

Liko jambo ambalo hakuna kifaa kati ya hivi kinacholijua, nalo ndilo linaloua watu. Mstari wa buluu wa wadi kwenye ramani ni uleule, wadi ikiwa kavu au ikiwa imejaa. Aprili 2024, Samad Al-Shan, mkoa wetu huuhuu, maji ya wadi yalibeba gari lenye watoto wa shule wakafa. Mvua inaweza kunyesha milimani usikoona, na kwako kukawa jua kali. Kwa hiyo kila mara mimi husimama kwenye nyumba za mwanzo na kumtafuta mtu mzima. "Salaam alaikum, ami. Wadi imeteremsha maji leo?" Wako wazee wengi wa Sharqiyah waliokaa Unguja, na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Akisema "Rudi, mwanangu," basi narudi, hata kama skrini inasema zimebaki dakika kumi. Na anayevuka kwa makusudi wadi inayokwenda maji, sheria ya Oman nayo inamsubiri.

Kabla hujaondoka nyumbani, fanya zoezi moja na abiria wako wote. Fungua kwenye kifaa ukurasa unaoonyesha mahali ulipo, kila mmoja asome namba kwa sauti, digrii kwanza, kisha desimali, mpaka asiweze kukosea. Ndizo mtakazowasomea polisi mkihitaji msaada; namba yao ni 9999. Mtandao ukiukosa chini kwenye wadi, iandike nafasi ya gari kwenye karatasi, na anayepanda kilimani kutafuta mtandao aende nayo mfukoni, maana akifika juu kifaa kitamwonyesha kilima, si gari.