Safari ya miguu katika msitu wa Bwindi

Swali: Anayetoka Nakivale au Mbarara aandae vipi safari ya kutembea katika msitu wa mvua?

Jibu: Msitu mashuhuri zaidi wa aina hiyo kusini-magharibi mwa Uganda ni Bwindi, hifadhi ya taifa tangu 1991 na urithi wa dunia tangu 1994.

Kwanza huchaguliwa kituo cha kuingilia msituni: Buhoma, Ruhija, Rushaga au Nkuringo. Kibali cha kuwaona gorila wa milimani hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kwa kituo maalumu, na barabara za milimani kati ya vituo ni ndefu. Kibali kinunuliwe mapema, kwani kila familia ya gorila hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wengine. Mwenye umri chini ya miaka 15 au mwenye mafua haruhusiwi.

Wa Nakivale hufika Mbarara kwanza. Kutoka hapo, njia ya Buhoma hupitia Ntungamo na Rukungiri. Ya Rushaga hupitia Kabale.

Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari mvua hupungua, ingawa njia huteleza mwaka mzima. Buti imara, koti la mvua, mikono mirefu, glavu za kushikia miiba na maji ya kunywa visikose kufungashwa.

Mwenye fedha chache huweza kwenda msitu wa Kalinzu, kando ya barabara ya Mbarara–Kasese, kuwatazama sokwe mtu.