SOMO: KATIBU NA WATUMISHI WA CHAMA

Waasisi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844, walifuata kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Kanuni hiyo huheshimiwa katika mkutano mkuu. Lakini ofisini na ghalani mara nyingi katibu huamrisha, nao watumishi huitikia tu.

Ukimya huo una gharama. Kahawa ya maganda yenye unyevu unaozidi asilimia 12 huweza kuota ukungu ghalani. Wa kwanza kuutambua unyevu huo ni mpokeaji, atiaye mkono katika gunia. Akizoea kukaripiwa kila asemapo, atanyamaza. Na atakayepunjika bei ni mkulima.

Katibu aongozaye kwa mashauriano hufuata hatua hizi:

1. Hulieleza tatizo bila kumnyoshea mtu kidole.
2. Huwauliza kwanza watumishi wa vyeo vya chini. Yeye husema mwisho.
3. Huandika lililokubaliwa, nani atalitekeleza, na siku gani.
4. Siku hiyo ifikapo, huuliza limefikia wapi.

Hata hivyo, kushauriana si kuyatupa madaraka. Fedha, stakabadhi na mizani vina kanuni zake, wala havipigiwi kura. Katika hayo katibu hubaki mwenye kujibu mbele ya kamati na wanachama.

Maswali ya majadiliano:

(a) Katika chama chenu, ni mtumishi gani asiyeulizwa neno?
(b) Je, anajua jambo gani ambalo kamati hailijui?